Kadi ya mteja wa kudumu: mwongozo kamili wa kuanza, kutoka mgahawa wa mtori Moshi

Kabla hujaenda steshenari kuchapisha kadi yoyote, nunua daftari, uhesabu wateja wako kwa wiki mbili. Kadi ninayosema ni ile ya mihuri: mteja akinunua unamgongea muhuri, mihuri ikitimia anapata zawadi. Najua hamu yote iko kwenye kadi. Mimi nilianza na kadi, na huko mbele nitaeleza kilichonipata. Nauza mtori, supu na chapati hapa Moshi mjini, jirani na stendi. Asubuhi yangu huanza saa kumi na mbili, madereva wa Kibosho na Machame wanapokuja kupasha tumbo kabla ya kuingia foleni. Ninayoandika hapa nimeyajaribu kwenye biashara ya bakuli la shilingi 3,000, ila njia ya kupiga hesabu ni ile ile kwa kinyozi wa Majengo, duka la mangi kule Pasua au genge la mboga Soweto.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu. Nenda soko la Mbuyuni, nunua sado ya maharage kwa mama yule yule kila Jumamosi, na baada ya mwezi ataanza kukuongezea viganja viwili juu bila wewe kuomba. Hiyo ni nyongeza, na ndiyo mama wa kadi zote. Tofauti ni kwamba nyongeza inategemea moyo wa muuzaji siku hiyo, wakati kadi ni ahadi iliyoandikwa. Na ahadi ya kulipwa kadiri ulivyoshiriki mkoa huu unaijua tangu zamani. Mkulima aliyepeleka kahawa yake kupitia KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, alipokea malipo ya kwanza, kisha mauzo ya mnadani yakikamilika akasubiri malipo ya pili kwa hesabu ya kilo alizopeleka. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa wakigawana faida ya duka kulingana na manunuzi ya kila mwanachama. Mashirika ya ndege yalikuja nyuma sana: American Airlines ilianza mpango wake wa kuhesabu maili za abiria mwaka 1981. Usione, basi, kwamba unaiga mambo ya supamaketi kubwa.

Wiki mbili za daftari

Chora safu tatu: nani, siku gani, kanunua nini. Kama humjui jina, andika unavyomjua. Daftari langu lina "mzee wa kofia ya kahawia", "dada wa benki", "kaka wa Noah nyeupe", "mwalimu anayekula bila pilipili". Usimsumbue mtu kwa maswali. Wanaolipa kwa Lipa Namba wamekurahisishia, kwa sababu ujumbe wa malipo unakuja na jina. Jioni unakaa na simu na kalamu, unahesabu. Majina hayo ni ya kuhesabia tu. Kuyatumia kumtumia mtu matangazo ni jambo jingine, na nitalifikia.

Wiki mbili zikiisha, gawa watu wako makundi matatu. Kuna wanaokuja mara tatu au zaidi kwa wiki. Hao ni wako tayari, kadi kwao ni shukrani. Kuna wapita njia: abiria wa basi la Dar, mtalii anayesubiri kesho apande mlima. Hao wahudumie vizuri, wala usiwape kadi. Katikati kuna wale wa mara moja kwa wiki, wanaokula kwako leo na kesho kwa jirani. Hao wa katikati ndio kazi nzima. Mtu anayekuja mara nne kwa mwezi akija mara tano, umepata kitu. Anayekuja kila siku huwezi kumfanya aje mara mbili kwa siku.

Usihesabu Desemba. Kila anayeijua Moshi anajua mji unavyofurika watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, na mtori unavyoisha saa tatu asubuhi. Ukipiga hesabu zako humo utaona wateja ambao katikati ya Januari, ada za shule zikishalipwa na magari yakisharudi Dar, hutawaona tena. Hesabu Februari au Machi, mwezi usio na makuu. Kuzindua, mimi napenda Juni, baridi inapoanza na watu wanatafuta kitu cha moto.

Hesabu, na usiiruke

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakwenda polepole. Chukua bidhaa yako moja inayotoka sana. Bakuli langu la mtori ni 3,000. Ndizi, nyama, maziwa, kitunguu, gesi na chombo kwa anayebeba vinanigharimu 1,600. Kinachobaki ni 1,400. Hiyo ni faida ghafi, kabla ya pango, umeme na mshahara wa binti anayenisaidia. Zawadi ya kadi inalipwa kutoka kwenye hiyo 1,400, kamwe si kutoka kwenye ile 3,000. Mtu akikuambia "mpe tu asilimia kumi, ni kidogo", muulize: asilimia kumi ya nini?

Tuseme mteja anatakiwa kununua mabakuli sita ndipo apate zawadi. Kwa sita umeuza 18,000, na faida ghafi ni 8,400. Sasa linganisha njia tatu.

Ukimpunguzia asilimia kumi kwenye kila bakuli, unaacha 300 mara sita, yaani 1,800. Fedha hiyo imeondoka hata kwa yule ambaye hatarudi mara ya pili. Halafu ukitaka kurudisha bei ya 3,000, mteja ataona umepandisha.

Ukimpa bakuli la saba bure, unadhani umetoa 1,600 ya viungo. Ni kweli, kama siku hiyo asingekuja. Lakini kama alikuwa anakuja hata hivyo na 3,000 yake mkononi, umepoteza 3,000 nzima. Kwa wateja wa kila siku ndivyo inavyokuwa karibu mara zote.

Njia ya tatu ndiyo yangu: akimaliza sita, akinunua la saba anapata chai ya maziwa na chapati mbili juu yake. Kwenye ubao wangu chai na chapati mbili ni 1,500. Mimi zinanigharimu 700. Mteja anaona 1,500, mimi natoa 700, na siku hiyo bado analipia mtori wake. Zawadi hiyo haikunipunguzia mauzo yoyote, maana watu wangu wengi wa mtori hawanunui chapati.

Kanuni ya njia hii ndiyo ninayoomba uichukue: zawadi iwe kitu chenye thamani machoni pa mteja, chenye gharama ndogo kwako, na ambacho hakuwa na mazoea ya kukinunua. Kinyozi ana kuoshwa kichwa na kukandwa shingo, vinavyomgharimu dakika kumi. Fundi cherehani ana kufupisha suruali. Muuza mitumba wa soko la Memorial ana kitu kizuri zaidi, na hakimgharimu hata senti: kumpigia mteja wake simu asubuhi belo linapofunguliwa, aje achague kabla ya watu.

Mimi nimejiwekea mpaka kwamba zawadi isizidi sehemu ya kumi ya faida ghafi ya kadi nzima. Sehemu ya kumi ya 8,400 ni 840. Zawadi ya 700 inaingia. Bakuli moja tu la ziada, ambalo mteja asingelila kama si kadi, linaleta 1,400. Linalipa zawadi na kubakiza 700.

Kama bidhaa yako ina faida nyembamba, mfano sukari, unga, vocha, usiweke kadi juu ya hizo. Waambie wateja wazi kwamba muhuri ni kwa bidhaa fulani tu. Na kama unauza kitu ambacho mtu ananunua mara moja kwa miaka mitano, kitanda au mapambo ya harusi, kadi haikufai kabisa. Wewe zawadia anayekuletea mwenzake.

Kadi yenyewe

Idadi ya mihuri inatoka kwenye daftari, si kichwani. Mteja wa kundi la kati amalize kadi ndani ya mwezi mmoja na nusu au chini yake. Anayekuja mara moja kwa wiki, ukimwekea mihuri kumi, zawadi iko miezi miwili na nusu mbele. Ataipoteza kadi kwenye suruali iliyofuliwa. Ndiyo maana mimi nina sita.

Ila kadi yangu ina visanduku vinane. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye sehemu ya kuoshea magari nchini Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu zilitaka mihuri minane. Nusu nyingine zilitaka kumi, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi ni ile ile, kuosha gari mara nane. Kwenye kadi tupu asilimia 19 walimaliza. Kwenye zile zilizoanzishwa, asilimia 34. Jaribio jingine la kadi za kahawa, lililochapishwa mwaka huo huo, lilionyesha kwamba mteja huongeza mwendo kadiri zawadi inavyokaribia. Nikichukua kadi mpya namgongea mtu mihuri miwili mbele ya macho yake na kumwambia, "Nimekuanzishia." Si hila, kwa sababu namwambia wazi kwamba bado sita. Lakini uso wake unabadilika, na kadi inaingia kwenye pochi badala ya kubaki mezani.

Kuchapisha hakuna gharama ya kutisha. Karatasi moja ya manila ya A4 inatoa kadi nane. Karatasi 25 zinakupa 200, na zinatosha kabisa kuanzia. Mbele weka jina la biashara na visanduku. Nyuma weka masharti, machache na kwa maneno ya kawaida. Yangu yanasomeka hivi:

"Bakuli moja la mtori, muhuri mmoja. Mihuri 8 ikitimia, ukinunua mtori unapata chai ya maziwa na chapati 2 bure. Zawadi haibadilishwi kwa fedha. Mkopo ukilipwa ndipo muhuri unagongwa. Kadi hii inatumika hadi 31 Desemba."

Sharti la mkopo usiliache. Ukigonga muhuri kwa anayekula kwa daftari, utakuja kudaiwa zawadi na mtu ambaye wewe bado unamdai fedha, na hapo mazungumzo yanakuwa machungu. Amua mapema pia kuhusu yule anayekuja kubebea ofisi nzima. Mimi namgongea mihuri yote. Kanibebea mabakuli sita, kazi kafanya yeye.

Muhuri ni fedha

Kadi zangu za kwanza niligonga muhuri wa nyota, ile midogo ya plastiki inayouzwa kwa watoto. Wiki ya tatu kadi zilizojaa zilikuwa nyingi kuliko mtori niliopika. Mtu yeyote mwenye mtoto wa chekechea alikuwa na muhuri wangu nyumbani. Sikuwa na wa kumlaumu.

Tumia muhuri wa tarehe, ule wa kuzungusha namba unaotumika maofisini. Unaupata steshenari yoyote ya mjini, na una faida mbili. Kwanza, kadi yenye tarehe moja kwenye visanduku vitano inajieleza. Pili, na hii ndiyo niipendayo, kadi iliyojaa inakuwa ripoti: unaona alianza lini, alikuja baada ya siku ngapi, aliongeza mwendo wapi. Kadi zote zilizokombolewa, yaani zilizokwishapewa zawadi, nazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Ongeza saini fupi ya anayegonga, na kila kadi iwe na namba inayoandikwa kwenye daftari siku inapotolewa. Muhuri ulale unapolala fedha. Kila muhuri wa bakuli chora kijiti kwenye daftari. Jioni, vijiti hivyo visizidi mabakuli yaliyouzwa; ile miwili ya kuanzishia haihesabiwi.

Anayehudumia ndiye mpango. Binti yangu wa kazi nilimfundisha maneno mawili tu. Kwa mteja mpya: "Kaka, ukipenda mtori wetu kuna kadi, nimekuanzishia mihuri miwili." Kwa anayekumbukwa: "Shikamoo mzee, leo imebaki miwili." Hilo la pili lina nguvu kuliko kadi yenyewe, kwa sababu mtu anasikia kwamba amekumbukwa. Mwajiri, usiweke mpango ambao anayegonga muhuri hanufaiki nao. Mimi kila Jumamosi binti anakula zawadi ile ile na kubeba ya nyumbani.

Simu, namba na sheria

Baada ya miezi michache utatamani kuhamia kwenye simu. Usikimbilie. Kadi ya karatasi isiyo na jina haikusanyi taarifa za mtu yeyote. Ukianza kuandika majina na namba za simu umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inataka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, amweleze mtu taarifa zake ni za kazi gani, na azitumie kwa kazi hiyo tu. Kwa lugha ya mgahawani: omba ruhusa, sema utatuma nini, na akisema "nitoe" mtoe siku hiyo hiyo. Namba iliyokuja na malipo ya Lipa Namba haikuja na ruhusa ya matangazo.

WhatsApp Business ni bure na inatosha biashara ndogo. Jua tu kwamba ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo ya kawaida, unamfikia yule aliyehifadhi namba yako peke yake. Hilo ni jema, kwani linakuonyesha nani anakutaka kweli. Tuma mara mbili kwa mwezi, si zaidi. "Kesho Jumamosi kuna kiburu" ni ujumbe unaosomwa. Picha za maua zenye "asubuhi njema" zitakufanya unyamazishwe.

Jambo moja la kukwepa: droo. Kuwaambia wateja waweke kadi kwenye boksi, mmoja achorwe ashinde simu, ni bahati nasibu, nayo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inahitaji kibali. Kadi ambayo kila anayetimiza anapata haina shida hiyo.

Baada ya miezi mitatu

Toa kopo, mwaga kadi mezani. Tuseme ulitoa 200 na zimekombolewa 60. Zawadi 60 kwa 700 ni 42,000. Kadi na muhuri, tuseme 28,000. Jumla 70,000. Gawa kwa 1,400: unahitaji mabakuli 50 ya ziada kwa miezi mitatu, kama manne kwa wiki, ndipo mpango ujilipe. Sasa rudia daftari la wiki mbili kama mwanzo, ulinganishe kundi la kati la sasa na la wakati ule. Limekua? Endelea. Limebaki lilivyokuwa, na kadi zote zimekombolewa na wale wa kila siku? Basi unagawa chai kwa watu waliokuwa wanakuja hata hivyo. Shukrani si dhambi, ila ijue kwa jina lake, na upunguze gharama. Na kama kundi limepungua, acha kadi kabisa kwa muda, uonje chakula chako mwenyewe, ukae meza ya mteja saa ya msongamano uone anasubiri dakika ngapi. Kadi haiponyi mtori uliochacha.

Siku ya kubadilisha au kufunga

Mwaka wa kwanza nyama ilipanda, nikaamua ghafla kusimamisha kadi. Jumatatu nikamwambia binti, "Kuanzia leo hakuna." Jumanne akaja mzee wa kofia ya kahawia. Alitoa kadi kwenye kifuko cha plastiki anachotunzia kitambulisho chake cha NIDA, imekunjwa mara moja tu, imenyooka, imebaki kisanduku kimoja. Akaiweka mezani, akaisogeza kwa kidole. "Mama, leo ni ya mwisho." Binti akamwambia kadi zimefutwa. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia, na sikutoka. Hakubishana. Aliirudisha kadi kwenye kifuko, akala, akalipa 3,000 kamili, akasema asante. Wiki iliyofuata nilimwona akiingia kwa jirani, na hakugeuza uso.

Kadi iliyo mkononi mwa mteja ni deni lako. Hesabu kila kadi iliyo nje kama fedha unayodaiwa, na ukifunga mpango, lipa kwanza. Toa taarifa siku 60 kabla, iandike kwa herufi kubwa ukutani na uiseme mdomoni kwa kila mwenye kadi. Kadi zilizo nusu ziheshimiwe hadi mwisho wa muda huo. Iliyobakiza muhuri mmoja au miwili, mpe zawadi yake papo hapo. Ukibadilisha zawadi, za zamani zimalizike kwa masharti yake ya zamani.

Taarifa yangu ya sasa iko tayari kwenye droo, ingawa sina mpango wa kufunga: "Ndugu mteja, kadi zetu zitakoma tarehe fulani. Kama unayo, hata ina muhuri mmoja, ije. Kama imepotea, tuambie namba au tukumbushe sura, tutaangalia daftari." Mzee wa kofia ya kahawia jina lake limo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, na pembeni nimeandika: anadai chai na chapati mbili.